SOMO LA KABLA YA VUO: KUIONA HATARI KABLA HAIJATUFIKA



Naomba radhi kwa kuchelewa kwa somo hili. Lilipaswa kutoka katika toleo lililopita, nami sikuliandika, kwa kuwa kila niliposhika kalamu nilitakiwa nianze na jambo ambalo sikupenda kulisema. Leo nalisema.

Vuo lililopita kijana wa miaka 19 alianguka kutoka juu ya mkarafuu shambani kwangu. Baadhi yenu mwaijua habari hiyo, na wengine mlikwenda kumtazama hospitali. Hakufa, Alhamdulillahi, lakini nyonga yake ilivunjika, na mpaka leo hatembei bila ya mkongojo. Asubuhi ya siku ile nilimwambia maneno ninayowaambia wachumaji wote: "Angalia usianguke." Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwao, mama yake alinikaribisha vizuri, akanipa maji ya kunywa, kisha akaniuliza swali moja tu: "Bwana Katibu, wewe ulimwambia mwanangu aangalie. Na wewe mwenyewe uliangalia nini?"

Sikuwa na jawabu. Somo hili ndilo jawabu nililolitafuta tangu siku ile, na sehemu yake kubwa nimeipata mbali na Pemba, katika bonde la mto Kilombero.

KARAFUU NA IFAKARA, WAPI NA WAPI?

Ni haki yenu kuuliza. Mwezi wa Februari mwaka huu nilikwenda Ifakara kumzuru mjomba wa mke wangu, mzee anayekaa mjini na kulima mpunga ng'ambo ya mto, upande wa Ulanga. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi, wapita Morogoro na Mikumi, wateremka Kidatu penye mashamba ya miwa, wapita Mang'ula chini ya milima ya Udzungwa, ndipo wafika Ifakara. Bonde ni pana na tambarare, milima ya Udzungwa upande mmoja na ya Mahenge upande wa pili, na mto umepita kati. Masika yakija, mto hufurika na maji yakatanda mbugani. Na maji hayo ndiyo yanayoustawisha mpunga. Ni ardhi yenye neema kubwa, lakini neema hiyo imefuatana na mbu, viboko, mamba na nyoka.

Sikuona mkarafuu hata mmoja huko, na hilo ndilo lililonifaa. Mtu huzoea mambo ya shamba lake mpaka asiyaone tena. Mimi nimepita chini ya mikarafuu tangu utoto, na tawi kavu kwangu ni tawi tu. Bali katika shamba la mpunga, nilikokuwa mgeni, kila kitu nilikiona na kila kitu nilikiuliza. Niliporudi nyumbani nikaanza kuyauliza shambani kwangu maswali yale yale.

MANENO MAWILI YANAYOCHANGANYWA

Kabla ya kuendelea, yafaa tupambanue maneno mawili. Watu wa usalama wa kazi husema kihatarishi na husema hatari, wala hayo si mamoja.

Kihatarishi ni kitu, hali au kitendo chenye uwezo wa kudhuru. Panga kali ni kihatarishi. Dawa ya magugu, tawi lililooza, na gunia zito kupita kiasi, vyote ni vihatarishi. Hatari ni jambo la pili: ni uwezekano wa kihatarishi hicho kumdhuru mtu kweli, pamoja na ukubwa wa dhara lenyewe. Mamba aliye mtoni ni kihatarishi. Kwa mtu aliyelala nyumbani mjini Ifakara, hatari ya mamba huyo ni ndogo mno. Kwa mtoto anayeteka maji ukingoni jioni, hatari ni kubwa. Mamba ni yule yule. Kilichobadilika ni namna mtu anavyokutana naye.

Tofauti hii si ya kielimu tu. Aghalabu hatuwezi kukiondoa kihatarishi duniani, lakini karibu kila mara twaweza kubadili namna tunavyokutana nacho. Asiyeifahamu tofauti hii husema, "Kazi yetu ndivyo ilivyo," akakaa.

Basi kazi yote ina hatua nne: kukijua kihatarishi, kuipima hatari yake, kuizuia, na kurejea kutazama. Tuzichukue moja moja.

HATUA YA KWANZA: KUKIJUA KIHATARISHI

Siku ya pili tangu kufika kwangu, mzee alinichukua shambani. Wakulima wengi wa bonde hili wana nyumba zao mjini au kijijini, lakini mashamba yako mbali. Kwa hiyo wakati wa kazi huhamia shambani, wakakaa katika vibanda na madungu kwa wiki nyingi, wakipalilia na kufukuza ndege na nguruwe.

Tulipofika hakunipeleka kazini. Alinizungusha kwanza mpaka wa shamba, pole pole, akinionyesha. Hapa ndipo anapopita kiboko usiku kwenda malishoni. Yatazame majani yalivyolala. Hapa pana shimo limefunikwa na maji. Mti huu una nyuki. Chupa ile ilikuwa na dawa, usiiguse. Nikamwuliza, "Mzee, wewe shamba hili walijua miaka mingi, kwa nini walizunguka?" Akanijibu, "Mkwe, shamba la jana silo la leo. Mvua imenyesha usiku."

Hilo ndilo fundisho la kwanza. Vihatarishi havijulikani kwa kukaa barazani na kufikiri. Hujulikana kwa kutembea mahali pa kazi na kutazama kwa macho, tena si mara moja. Unapotembea, zingatia haya:

(a) Tazama mahali penyewe: ardhi, miti, njia, visima.

(b) Tazama vyombo: kamba, ngazi, mapanga, mapakacha, mabomba ya dawa.

(c) Tazama kazi inavyofanywa kweli, si vile unavyodhani inafanywa. Mwenye shamba hudhani mchumaji hushuka kila pakacha likijaa. Nenda ukatazame.

(d) Muulize mfanyakazi. Yeye ndiye aliye juu ya mti. Muulize hivi: "Ni wapi ulipokosa kidogo tu kuumia?" Kuponea chupuchupu ni onyo lisilogharimu kitu, na asiyelisikiliza hulipia la pili.

(e) Usikitazame kile kinachoua leo peke yake. Viko vinavyodhuru kwa miaka: vumbi, dawa, mizigo mizito juu ya mgongo, jua la mchana kutwa.

Tena viko vihatarishi visivyoonekana kwa macho. Tarehe 23 Mei 2024, katika kiwanda cha sukari cha Mtibwa, ambacho nacho kiko mkoa wa Morogoro, watu 11 walikufa kwa mlipuko wa mvuke wa moto. Mvuke uliofungiwa ndani ya bomba hauonekani na mpita njia. Shambani kwetu kamba iliyooza kwa ndani iko vivyo hivyo: kwa juu ni kamba, kwa ndani ni unga.

HATUA YA PILI: KUIPIMA HATARI

Ukizunguka shamba lako kwa makini, utarudi na orodha ya mambo ishirini au thelathini. Hapo watu wengi huvunjika moyo, wakasema hawana fedha ya kutengeneza yote. Hawatakiwi kutengeneza yote kwa siku moja. Watakiwa wajue lipi lianze.

Kipimo chepesi ni hiki. Kwa kila kihatarishi jiulize maswali mawili. La kwanza: je, yaelekea kutokea? Nadra, toa 1; huenda, toa 2; yaelekea sana, toa 3. La pili: likitokea, litaumiza kiasi gani? Mkwaruzo au siku moja ya kupumzika, 1. Jeraha la kumlaza mtu majuma, 2. Kilema au kifo, 3. Kisha zidisha. Hesabu ikiwa 1 au 2, subiri. Ikiwa 3 au 4, itengenezee mpango vuo hili. Ikiwa 6 au 9, kazi isianze mpaka jambo limerekebishwa. Tena popote panapoweza kuua, hata kama ni nadra, usipaache bila ya kinga.

Lakini angalieni, kupima si kukisia kwa wingi wa kelele. Bonde la Kilombero limetoa mfano mzuri kabisa wa jambo hili. Ifakara ina wataalamu wa mbu wa siku nyingi. Maabara ya Waswisi ilianzishwa hapo miaka ya 1950, nayo ndiyo asili ya Taasisi ya Afya ya Ifakara ya leo. Watafiti wa taasisi hiyo waliwakamata mbu vijijini mwa Kilombero na Ulanga, wakawahesabu na kuwapima, na matokeo yao yakachapishwa mwaka 2017. Mbu wa malaria waliokuwa wengi ni wale waitwao arabiensis. Wale waitwao funestus walikuwa wachache. Lakini walipopima ni nani hasa anayebeba vimelea vya malaria, wakaona sehemu kubwa zaidi ya maambukizo ilitoka kwa wale wachache.

Basi aliyehesabu mbu tu angepigana na adui asiye mkubwa. Nasi tuna mambo kama hayo. Ukimuuliza mchumaji kinachomsumbua zaidi, atakwambia maji moto, wale chungu wekundu wa mtini, maana humuuma kila siku. Kuumwa na maji moto ukiwa chini hesabu yake ni 3 mara 1. Kamba mbovu haimsumbui mtu siku zote, mpaka siku moja tu.

Tena, kihatarishi kidogo kikikutana na kikubwa, hesabu hubadilika. Maji moto wale wale wakimuuma mtu machoni naye yuko juu ya kilele, mkono mmoja umeshika tawi na wa pili umeshika pakacha, si jambo dogo tena. Ataachia mkono ajipanguse. Kwa hiyo usipime kila kimoja peke yake. Jiulize pia vikikutana inakuwaje.

HATUA YA TATU: KUIZUIA, TENA KWA MPANGO

Hapa ndipo penye kiini cha somo langu. Ziko njia tano za kuizuia hatari, nazo hazilingani nguvu. Yapasa uanze na ya kwanza. Ukiishindwa kwa haki, ndipo ushuke ya pili, mpaka ya mwisho. Sisi wenye mashamba aghalabu huanza na ya mwisho, na wengine hatuifikii hata hiyo. Twaishia kwenye maneno matupu ya "angalia usianguke".

Ya kwanza ni kukiondoa kihatarishi. Kwa miaka mingi watu wa Ifakara waliokwenda Ulanga waliuvuka mto kwa kivuko, pamoja na magari na mizigo yao, na mashua na mitumbwi ilikuwapo kwa wasiosubiri. Mwishoni mwa Januari 2016 kivuko kilipinduka mtoni kikiwa na abiria na magari. Ungeweza kuwaambia abiria wawe waangalifu. Ungeweza kuwapa majaketi ya kuelea, na ni jambo zuri. Lakini kilichokata shauri ni daraja. Daraja la Kilombero, lenye urefu wa mita 384, lilifunguliwa na Rais John Pombe Magufuli Mei 2018, na leo huitwa kwa jina lake. Nilivuka juu yake na mzee kwa muda mfupi kuliko wa kunywa kikombe cha kahawa. Maji yako pale pale na mamba wako pale pale, lakini msafiri hakutani nao tena.

Ya pili ni kukibadilisha, yaani kutumia kitu kisichodhuru sana mahali pa kile kinachodhuru. Dawa kali ya magugu hubadilishwa kwa dawa hafifu zaidi, au kwa jembe. Lakini hapa pana mtego. Kule Kidatu miwa huchomwa moto kabla ya kukatwa, ili majani makavu yaungue na nyoka wakimbie. Mkataji amepona na nyoka, lakini sasa pana moto na moshi, navyo vyataka mpango wao. Kila ukibadilisha jambo, izunguke tena kazi yako uone umeleta nini kipya.

Ya tatu ni kutenga, yaani kuweka kizuizi baina ya mtu na kihatarishi. Mfano mkubwa wa bonde lile ni chandarua. Mwaka 1996 ulianzishwa huko mpango wa kuwauzia watu vyandarua vyenye dawa, kupitia wenye maduka na mawakala, kwa jina la Zuia Mbu. Matokeo yalipochapishwa mwaka 2001, ilionekana kwamba watoto wadogo waliolala ndani ya vyandarua hivyo walipona zaidi. Uhai wa watoto wa tangu mwezi mmoja mpaka miaka minne ulizidi kwa asilimia 27. Uzuri wa chandarua ni kuwa hakimtaki mtu awe hodari wala macho. Amelala, amechoka, hana habari, nacho kinamlinda. Kizuizi kizuri kiko hivyo. Na mzee wangu alikuwa nacho hata kwenye dungu lake shambani, kimefungwa kwa kamba pembe nne, maana huko ndiko anakolala na huko ndiko mbu waliko.

Ya nne ni kuipanga kazi: saa, zamu, idadi ya watu, mafunzo na kanuni. Mzee alikuwa na kanuni tatu za shamba, na kila kibarua alizijua kwa moyo. Hapana kupita njia ya mtoni kabla ya jua kutoka. Hapana kufanya kazi peke yako mahali usipoweza kusikiwa ukiita. Hapana kukaa baina ya kiboko na maji, hata akionekana amelala. Kanuni hizi ni nzuri, lakini zina udhaifu mmoja: zafaa maadamu watu wanazishika. Mtu akichoka au akiharakishwa, huziacha. Ndiyo maana ziko daraja ya nne.

Ya tano na ya mwisho ni vifaa vya kujikinga: viatu vya mpira, glavu, kofia ngumu, kinga ya pua na mdomo, mkanda wa kujifungia. Mkataji miwa huvaa kinga ya muundi ili panga likiteleza lisimfikie mfupa. Sivikatai vifaa hivi. Nasema tu kwamba kifaa hakikizuii kihatarishi kuja. Kinasubiri kimfikie mtu, ndipo kimkinge. Kikipasuka, au kikisahauliwa nyumbani, hapana kitu nyuma yake. Havai mtu mmoja kinga akaambiwa kazi ya usalama imekwisha.

TURUDI MIKARAFUUNI

Sasa tuichukue kazi yetu tuipitishe katika njia hizo tano, tukianza na lile lililonifika mimi.

Mkarafuu ni mti mrefu, na matawi yake ni mepesi kukatika. Mchumaji hupanda, huyavuta matawi kwa upembo na kwa kamba, naye hulipwa kwa pishi alizochuma. Karafuu nyingi zilizobaki mwisho wa siku ziko kileleni na kwenye ncha, penye matawi membamba. Kuanguka kwaelekea, na dhara lake ni kilema au kifo. Hesabu ni 6 au 9. Kwa kipimo chetu, kazi isianze mpaka pamerekebishwa.

Kuondoa. Tawi kavu na tawi lililooza likatwe kabla ya vuo, si wakati wa kuchuma. Vishada vya chini vichumwe na mtu aliyesimama ardhini. Na neno ambalo najua halitapendeza: karafuu za kilele chembamba ziachwe. Nimepiga hesabu ya mti mmoja mmoja shambani kwangu. Pishi mbili tatu za kileleni hazifiki gharama ya siku moja ya mgonjwa hospitali, sembuse nyonga ya kijana. Kwa mikarafuu michanga, tuwaulize mabwana shamba namna ya kuitunza isirefuke kupita kiasi.

Kubadilisha. Mahali pa kukwea shina kwa miguu mitupu, tutumie ngazi. Iko ngazi ya miguu mitatu ambayo hutumiwa na wachuma matunda nchi nyingi, na husimama vizuri mahali pasipo sawa kuliko ya miguu miwili. Fundi seremala wa kijijini aweza kuitengeneza.

Kutenga. Asikae mtu chini ya mti unaochumwa, khasa watoto wanaookota. Panga na kulabu zisining'inizwe mtini. Wachumaji wanaolala kambini wapewe vyandarua. Visiwa vyetu vimejitahidi sana kuipunguza malaria, lakini haijatoweka; na aliyetoka safari ya bara akiona homa, apimwe mara moja.

Kupanga kazi. Mti ukiwa na maji ya mvua au umande, wachumaji wasubiri. Waanze na kazi ya kutoa makonyo. Kila mti uwe na watu wawili, mmoja juu na mmoja wa kumtazama na kupokea mapakacha. Wakati wa Ramadhani kazi ya juu iishe kabla ya mchana kuwa mkali, maana aliyefunga hulegea. Mtoto wa skuli asipandishwe mtini kabisa. Na tuyatazame malipo yetu: tunapolipa kwa pishi tu, tunamwambia mtu kwa fedha afanye haraka, na kwa mdomo tunamwambia afanye pole pole. Atasikiliza fedha. Baadhi yenu hutoa kifuta jasho cha siku pamoja na malipo ya pishi. Naona ndiyo njia.

Vifaa. Mkanda na kamba ya kujifungia penye shina nene, na viatu vyenye kushika. Kila kamba ikaguliwe kila asubuhi: ikunjwe, ipindwe, itazamwe ndani ya nyuzi zake, kisha ivutwe na watu wawili. Kamba iliyolala nje kwa jua na mvua isitumiwe kubebea mtu.

Na hapa namaliza maungamo yangu. Kamba ya kijana yule ilikuwa yangu. Niliinunua vuo la nyuma yake, ikalala nje ya banda mwaka mzima. Asubuhi ile niliishika kwa mkono, nikaona nyuzi zimefumuka upande mmoja, nikasema moyoni, kwa leo itafaa. Hapana mtu mwingine aliyeiona. Basi mama yule aliponiuliza niliangalia nini, jawabu la kweli lilikuwa hili: niliiona kamba, na nikaitazama bei ya mpya.

AKIANGUKA MTU

Pamoja na kinga zote, yaweza kutokea. Basi jueni hili, maana sisi tulikosea. Kijana alipoanguka tulimwinua kwa mabega, tukamkalisha juu ya bodaboda baina ya watu wawili. Aliyeanguka kutoka juu huenda amevunjika shingo au uti wa mgongo, na kumwinua hivyo kwaweza kumpoozesha. Mwacheni alipolala, kichwa kisigeuzwe, damu ikitoka ibanwe kwa kitambaa safi, na gari liitwe. Ikiwa hapana budi kumchukua, watu wanne au zaidi wamwinue kwa pamoja, mwili umenyooka, wamlaze juu ya ubao au mlango. Kila shamba liwe na ubao huo, na namba ya simu ya mwenye gari iwe imeandikwa kabla ya kazi.

HATUA YA NNE: KUANDIKA NA KUREJEA

Andika ulichokiona, hesabu uliyotoa, utakalofanya, nani atalifanya na lini. Karatasi moja yatosha. Maneno husahauliwa, na "tutalitengeneza" haina tarehe. Kisha rejea kutazama: kila juma wakati wa vuo, kila baada ya mvua kubwa, na kila mtu anapoumia au anapoponea. Kumbukeni neno la mzee: shamba la jana silo la leo.

Kwa wanaotaka kujua sheria yasemaje, Zanzibar ina Sheria ya Usalama na Afya Kazini, Namba 8 ya mwaka 2005, na bara wana yao, Namba 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA. Asili ya sheria hizi ni moja: wajibu wa usalama humwanzia yule anayeipanga kazi na kufaidika nayo, kisha na mfanyakazi naye ana wajibu wake wa kushika kanuni. Ni kweli kwamba shirika la ZSTC limewahi kuwalipa fidia watu walioanguka mikarafuuni, nasi twashukuru. Lakini fidia huja baada ya mfupa kuvunjika.

Wako watakaosema haya yote ni kuipinga kadari. Mimi nilisoma chuoni kama wao. Tulifundishwa kwamba ngamia hufungwa kwanza, ndipo mtu akatawakali. Kamba mbovu si kadari. Ni kamba mbovu.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Taja vihatarishi vitano vilivyoko shambani kwako leo. Viwili kati yake viwe vile usivyoviona kwa macho.

2. Kipi kati ya hivyo kina hesabu kubwa kuliko vyote, na kwa nini?

3. Je, kinga uliyoiweka ni ya daraja ya ngapi? Kuna ya juu yake uliyoiacha kwa sababu ya gharama tu?

4. Kamba zako zililala wapi tangu vuo lililopita?

Katika mkutano wetu ujao nitaleta mbele yenu mambo mawili yakatwe shauri: kwamba kila mwanachama ajaze karatasi ya ukaguzi kabla ya mchumaji wa kwanza kupanda, na kwamba chama kitoe fedha za kutengeneza ngazi za miguu mitatu za kuazimana. Anayepinga aje na hoja zake, na anayekubali aje na karatasi yake imejazwa. Yangu tayari imebandikwa mlangoni pa banda. Kijana yule nimemwomba awe mkaguzi wa kamba shambani kwangu vuo hili, kwa malipo ya siku, naye amekubali. Kamba tatu za kwanza alizozishika amezitupa.

Wenu mtiifu,
Katibu wa Chama